Dagaa wanataka jua, mwanangu jua linamla mdomo

Shangazi shikamoo.

Naandika toka Kigoma, mi ni mama wa dagaa hapa mwalo wa Katonga, mwaka wa 14 huu niko kwenye chanja. Nina shida naomba unisaidie maana nimeuliza watu watano nimepata majibu sita.

Ninaye kijana wa marehemu dada yangu, nimemlea toka ana miaka 4, mdomoni ananiita mama mdogo lakini kwangu ni mwanangu wa kumzaa. Saivi ana miaka 20. Ana ualbino. Ile miaka ya mambo mabaya, wenye ualbino wanauawa, tulimpeleka kituo cha Kabanga kule Kasulu akakaa na wenzake, akarudi akasoma mpaka kidato cha nne, matokeo hayakuwa mazuri maana ubaoni alikuwa haoni kitu hata akikaa dawati la mbele. Basi akaniambia mama mdogo usinilishe bure, nikamchukua kwenye kazi. Na kazi anaiweza jamani, vipe, ile mitumbwi ya dagaa, vikirudi alfajiri yeye ndo anapokea, anapima, anabishana bei na wavuvi mpaka wenyewe wanacheka, halafu tunamwaga kwenye chanja tunageuza mpaka jioni.

Sasa mwezi wa pili alianza kitu kwenye mdomo wa chini, kama gamba dogo gumu hivi, analibandua linarudi, analibandua linarudi, mpaka kikawa kidonda. Leo tuko mwezi wa tano, hakijafunga. Akila ugali wa moto kinatoa damu. Masikioni nako kuna magamba magumu ukipitisha kidole kama msasa. Tulienda zahanati moja tukapewa tyubu, kikakauka wiki moja nikashukuru Mungu, kikarudi kikubwa kuliko mwanzo. Jirani anasema ni homa ya mdomo itaisha yenyewe, bibi anasema pakeni mafuta ya mise, yale ya kokwa za mchikichi, kuna mzee mmoja Ujiji yeye anasema ni kijicho cha watu wa mwaloni na anataka kuku.

Kitu kimoja nilikiona. Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa ile miezi 3, katikati ya mwezi wa 5 mpaka katikati ya mwezi wa 8, alishinda ndani anafungua simu mbovu za watu, yale magamba ya masikio yakapungua sana mpaka nikajua kapona. Ziwa lilipofunguliwa yakarudi.

Mume wangu anasema nimtoe mwaloni kabisa akae nyumbani. Kijana hataki, anaweka hela anunue vifaa vyake vya ufundi simu, na mi naogopa nikimtoa ataona namfukuza kama walivyomfukuza wengine. Nimempunguzia, saa 6 mpaka saa 8 anapumzika, saa 9 jua likipoa anarudi kugeuza. Na anavaa kepu. Nilikuwa nawaza tusubiri mbalamwezi kazi ikisimama ndo twende hospitali kubwa, au unasemaje?

Na mi mwenyewe shangazi, mashavu yangu yameungua yana madoa meusi, napaka kale ka mchanganyiko wanatuchanganyia sokoni, natakata wiki mbili halafu nikisimama juani naungua zaidi. Kansa ya ngozi si ya wazungu? Mume wangu ananicheka eti sisi weusi jua litatufanya nini, yeye ana kovu la moto mguuni, karabai ilimlipukia mtumbwini mwaka 2006, mpaka leo likijisikia linachimbuka linatoa maji linafunga tena na halijamuua.

Mama wa Chanja, Katonga

*

Marahaba mwanangu, na pole na kazi.

Barua yako nimeisoma mara tatu na mara ya tatu nikasimama kwenye ule mguu wa mumeo, tutaurudia, lakini kwanza kijana.

Usisubiri mbalamwezi. Wiki hii hii mpeleke Maweni, hospitali ya mkoa, uombe aonwe na daktari wa ngozi kama yupo au wa upasuaji, na useme kwa maneno haya haya: ana ualbino, kidonda mdomo wa chini, miezi 3 hakiponi, kinatoa damu. Usiseme "ana kidonda tu mdomoni" maana utapewa tyubu nyingine. Mi sio daktari na kwa barua siwezi kukwambia ni kansa au sio kansa, hata daktari mwenyewe kwa macho tu hawezi kuapa, lakini ninavyoona mimi hicho kidonda kina kila sababu ya kuchunguzwa leo kuliko kesho. Homa ya mdomo inayosemwa na jirani inakuja na kuondoka ndani ya wiki mbili hivi, haikai miezi 3. Kidonda chochote cha ngozi kikipita mwezi hakijafunga, hicho sio cha kupaka paka tena.

Na huyu ana ualbino. Ngozi yake haina ile rangi inayokinga, jua linaingia moja kwa moja, na madhara yanajumlishwa kidogo kidogo toka utotoni. Kansa inayowapata zaidi ndugu zetu wenye ualbino inaanza hivyo hivyo ulivyoeleza, gamba gumu kama msasa, likibanduliwa linarudi, halafu kidonda. Inapenda kichwani, usoni, masikioni, shingoni, na mdomo wa chini kuliko wa juu kwa sababu ule wa chini umejitokeza unaangalia juu, jua linautua kama kwenye chanja. Sasa ya mdomo na masikio ndo ina tabia mbaya ya kukimbilia kwenye matezi kuliko ile ya mkononi kwa mfano. Kwa hiyo leo usiku mpapase chini ya kidevu na shingoni, ukikuta tezi gumu lisilouma mwambie daktari. Usipolikuta nenda vile vile.

Ile tyubu wala usijilaumu. Nyingi ya zile za mchanganyiko zina dawa ya kutuliza uvimbe ndani yake, kwa hiyo wekundu unapungua, juu panakauka, mtu anafurahi, na chini kitu kinaendelea na safari yake.

Watakachofanya hospitali ni ganzi kidogo, wakate kipande cha nyama kipelekwe maabara. Hapa ndo watu wengi wanakimbia, utasikia "kansa ukiigusa na kisu inasambaa". Mwanangu, hilo neno limeua watu. Kukata kile kipande hakusambazi, kinachosambaza ni muda. Majibu yanaweza kuchukua wiki kadhaa, uwe na subira lakini uwe king'ang'anizi pia, andika tarehe, andika namba ya faili, rudi uulize. Ikiwa ni kansa na bado ni ndogo, mara nyingi inaondolewa kwa upasuaji na inaisha, mtu anarudi na kovu tu. Ikihitajika zaidi ya hapo mtapewa rufaa, kwa upande wenu wa nchi ni Bugando Mwanza ambako kuna mionzi, au Ocean Road Dar. Na yale magamba ya masikio yaonyeshe pia, yakiwa bado hayajawa kansa kuna namna ya kuyagandisha kwa baridi kali yakadondoka, ni kazi ya dakika chache tu.

Hela. Najua ndo inayokufanya uwaze mbalamwezi, usingesema lakini naijua. Ukifika pale kabla ya kukata tamaa dirishani muulize afisa ustawi wa jamii yuko chumba gani, kila hospitali ya mkoa anaye, na kazi yake mojawapo ni hiyo ya kusikiliza wasioweza kulipa. Chukua na barua ya mtendaji wa mtaa. Halafu ulizia viongozi wa chama cha watu wenye ualbino hapo mkoani, wao wanajua kliniki za ngozi zinapita lini na losheni inapatikana wapi.

Losheni yenyewe ni hivi. Kuna inayotengenezwa Moshi, ilianzia hospitali ya KCMC, inaitwa Kilisun, ni kwa ajili ya watu wenye ualbino na wanagawiwa bure. Kama hajawahi kuandikishwa kwenye ugawaji, huu ndo wakati. Ukiwa unanunua duka la dawa angalia namba iwe 30 kwenda juu na tarehe isiwe imepita, na kopo lisishinde kwenye jua mwaloni maana linaharibika. Anapaka nusu saa kabla ya kutoka, kijiko cha chai kizima kwa uso na shingo na masikio, sio kale katone ka kupaka kama manukato, na anarudia kila baada ya masaa mawili kwa sababu jasho na maji ya dagaa yanaiosha. Mdomoni kidonda kikiwa wazi amuulize daktari kwanza. Mafuta ya mise bibi hajakosea kuyapenda, yanalainisha ngozi vizuri tu, lakini hayazuii jua. Mawese nayo ni hivyo hivyo.

Kepu itupe, au ampe mtoto wa jirani. Kepu inafunika paji la uso tu, masikio nje, shingo nje, mdomo nje. Anataka kofia pana ukingo wake uzunguke pande zote, upana wa kiganja hivi, ile ya ukindu ni nzuri ila ishike uione kwenye mwanga, ukiona vitundu vingi basi jua nalo limeviona. Shati la mikono mirefu, nzito iliyofumwa ikabana, kitenge kinafaa. Tisheti nyeupe nyepesi iliyolowa maji ni karibu na bure. Na miwani ya jua, macho yao yanateseka hujui tu. Usidanganywe na wingu, miale inayounguza inapenya mawingu mepesi karibu yote, na mchanga mkavu wenyewe unarudisha miale kama asilimia 15, kwa hiyo ukimkalisha kwenye kakivuli kembamba katikati ya mchanga bado inamfikia kutokea chini. Kivuli ni kile cha mwembe uliobeba majani kwelikweli, kama ile ya Ujiji.

Sasa ratiba yako. Umempa mapumziko saa 6 mpaka saa 8, umefanya kwa upendo lakini umekosea saa, na sio kosa lako, ni kosa la Kigoma kuwa mwisho wa reli. Saa tunayotumia nchi nzima ni moja lakini jua halijui hilo, linapita Dar kwanza ndo lije kwenu. Kigoma jua linafika utosini kwenye saa 7 mchana, ndo maana kwenu linachelewa kuzama watu wa Dar wakija wanashangaa. Kwa hiyo saa 9 unayosema limepoa, ni masaa mawili tu toka limekuwa kichwani, unamrudisha kwenye moto. Yeye asiwe juani toka saa 4 asubuhi mpaka saa 10 jioni. Kipimo cha bure ni kivuli chake mwenyewe, kikiwa kifupi kuliko urefu wake aingie ndani, hakuna mjadala.

Halafu utaniambia nani atageuza dagaa. Atageuza mwingine! Wewe umeniandikia mwenyewe kwamba kupokea vipe, kupima na kubishana bei ndo anakoweza kuliko wote, na hiyo yote ni alfajiri, mitumbwi inaingia jua halijatoka au ndo linatoka. Hiyo ndo kazi yake sasa. Amwage na nyie kwenye chanja mpaka saa 3 na nusu hivi, akaingie kibandani na daftari, hesabu za nani kachukua ndoo ngapi, kupokea hela za simu, kuongea na wanunuzi wa Tabora na Dar, na akiwa amekaa hapo afungue simu za watu. Jioni saa 10 kupita atoke kukusanya na kufunga magunia. Vijana wa kugeuza mchana wapo mwaloni wanatafuta vibarua. Kwa hiyo mumeo yuko sahihi nusu na kijana yuko sahihi nusu, mtu asikae juani lakini mtu asifukuzwe kwenye riziki yake. Na mwambie mbele ya watu wote wa chanja kwamba umempandisha, sio umempumzisha, vijana wa miaka 20 neno moja hilo linawatosha.

Tena ile miezi 3 ya ziwa kufungwa ulishafanya jaribio bila kujua. Masikio yalitulia kwa sababu alikaa ndani. Ila usilisome vibaya, gamba kupungua sio kupona, na kile cha mdomoni kimeshapita hatua ya kukaa kivulini tu.

Hatari ya jua kazini sio mambo ya nyumbani kwako peke yako. Mwaka 2023 shirika la afya duniani na shirika la kazi duniani walitoa makadirio yao kwamba karibu kifo 1 kati ya 3 vya kansa za ngozi zisizo melanoma (ile inayoanzia kwenye chembe za rangi ya ngozi) kinatokana na kufanya kazi juani. Mvuvi, mkulima, fundi ujenzi, boda. Tumezoea kuhesabu vumbi la mgodi kuwa ni hatari ya kazi, jua tunalihesabu ni hali ya hewa.

Haya, wewe. Kansa ya ngozi sio ya wazungu tu, ila ni kweli wewe na mumeo mna mwavuli wa kuzaliwa nao. Ngozi nyeusi sana inakadiriwa inakinga kama losheni ya namba 13 hivi, kwa hiyo jua kukuletea kansa wewe ni nadra. Tatizo ni kwamba huo mwavuli unautoboa mwenyewe. Mkorogo wa sokoni hakuna anayejua una nini, ila vinavyokutwa humo mara kwa mara ni haidrokwinoni na zebaki, vyote vimepigwa marufuku nchini kwenye vipodozi. Haidrokwinoni inapunguza ile rangi inayokukinga, unatoka juani bila ngao, ngozi inajihami inaweka madoa meusi zaidi, unapaka tena. Ndo hayo unayaona mashavuni na ukiendelea yanakuwa sugu ya bluu-nyeusi ambayo haitoki kwa urahisi. Zebaki yenyewe inaenda kwenye figo. Acha. Uso utachafuka miezi kadhaa, vumilia, vaa kofia na wewe.

Watu weusi kama sisi kansa ya ngozi ikija inajificha sehemu ambazo jua hata haliendi. Nyayo, viganja, chini ya kucha. Bob Marley alikufa mwaka 1981 ana miaka 36, ilianzia chini ya kucha ya kidole cha mguu, kidole tu. Doa jeusi unyayoni linalopanuka, mstari mweusi kwenye kucha moja unaozidi kuwa mpana, hayo yaonyeshe.

Na sehemu ya pili ndo ule mguu.

Mwanangu, umeuandika kama utani wa mwisho wa barua, na yeye anautumia kukucheka. Kovu la moto la miaka karibu 20 linalochimbuka, linatoa maji, linafunga, linachimbuka tena, hilo ndo shamba ambalo kansa ya ngozi kwa mtu mweusi inapenda kuota. Haihusiani na jua hata kidogo, ni ngozi kuumia na kujikarabati bila kupumzika miaka na miaka mpaka siku moja inakosea. Sisemi anayo. Makovu mengi yanachimbuka tu kwa sababu ngozi yake ni nyembamba na inapasuka. Ila angalia usiku akilala, kama kingo za kile kidonda zimeinuka zimekuwa ngumu, kama kuna nyama inaota katikati kama koliflawa, kama kimeanza kunuka au kutoa damu au safari hii kimegoma kufunga, basi huyo naye anahitaji kukatwa kipande kama mtoto. Hata kama hakuna hayo yote bado ningependa daktari akione mara moja, miaka karibu 20 ni mingi.

Sasa najua atakavyosema. Mwanaume wa ziwani aliyeunguzwa na karabai akaamka kesho yake akaenda kuvua, umwambie twende hospitali mguu wako una kidonda? Usimwambie. Mwambie unaogopa kwenda Maweni peke yako na kijana, akusindikize, nyie ndo wazazi. Mkishaingia kwa daktari, kijana akimaliza kuonwa, wewe ndo useme, "na baba huyu hapa naomba akunje suruali."